Kambi ya Barafu hakuna maji, madogo

Juzi nimemkuta dogo mmoja bonde la Karanga, Mlima Kilimanjaro, ndiyo kwanza kapewa ugaidi mkuu, yaani kuongoza wapanda mlima, anawafukuza wagumu wake, wabeba mizigo, kama mbuzi: "Twendeni, twendeni, ukungu unapanda!" Madumu yamening'inia kwenye mizigo, matupu, yanagongana. Nikamwita pembeni. "Mdogo wangu, jioni mtapikia nini?" Akanitazama kama nimemuuliza jina la ukoo wa bibi yake.

Basi nimeona niandike.

1. Siku kwanza, menyu baadaye. Njia ya Machame kwa siku sita kwa mgeni aliyezoea usawa wa bahari ni kumnunulia kichwa kuuma. Kama ofisini wanakusikiliza, omba siku saba, alale kambi ya Karanga. Kama hawakusikilizi, basi usimrukishe Lava Tower, ule mnara wa mwamba, hata akulilie. Pale kwenye mita 4,600 atatapika, atakulaani, nawe tulia, ale mchana wake, kisha umshushe akalale kambi ya Barranco. Nilikuwa na mmoja alinilaani kwa Kijerumani tangu Shira mpaka Barranco. Usiku akaomba supu mara tatu.

2. Kilo 20 za mgumu getini ni kilo 20. Mkimaliza kupima msianze kuwaongezea watu mizigo huko mbele porini. Tunajuana.

3. Maji. Hapa mnivumilie.

Safari yangu ya kwanza kama gaidi mkuu (mama mkwe mpaka leo hataki kulitamka neno hilo mbele ya majirani) ilikuwa Machame siku sita, wageni wanne, kruu kumi na wanne pamoja na mimi. Siku ya nne tumeumaliza Ukuta wa Barranco vizuri, wageni wanacheka, nami kichwa kimeshavimba. Pale mtoni Karanga, maji ya mwisho kabla ya kambi ya Barafu, mpishi akaniuliza tuchote madumu mangapi. Usiku ule theluji ilikuwa imeanguka, naiona huko juu inang'aa. Nikamjibu kwa sauti, ili wageni waone mtu mzoefu: "Moja linatosha. Kule Barafu tutayeyusha theluji."

Tunafika Barafu saa nane, jua limeshailamba yote. Kimebaki kidogo kwenye nyufa za mawe, kimechanganyika na vumbi na mikojo ya watu. Watu kumi na wanane, lita 20. Mpishi hakusema neno. Alilinyanyua lile dumu, akalitikisa, akaliweka chini.

Ningependa kuwaambia nilishuka mwenyewe. Sikushuka. Nilituma wagumu wawili, mmoja mtu mzima wa kunizaa kabisa, warudi mpaka mtoni, karibu mita mia saba za kushuka halafu wazipande tena, na asubuhi ileile walikuwa wameshabeba. Wao wanateremka, mimi niko hema la kulia na wageni, nawapa brifingi ya samiti, ule usiku wa kupanda kileleni, kwa chai na bisi. Chai ya lile dumu. Kikombe cha kwanza nikanywa. Weita akaniongeza cha pili, nikanywa na chenyewe.

Walirudi saa tatu na nusu usiku, kila mmoja na dumu begani, tochi moja kwa wawili. La yule mzee kifuniko kilikuwa kimelegea, maji yamemchuruzikia mgongoni njia nzima, na koti limekakamaa kwa baridi, likigongwa linatoa sauti kama kadibodi. Nikaanza, "Mzee, nisamehe..." Akanikata: "Chemsha kwanza, wageni wanaamka saa tano."

Tuliondoka karibu saa saba, wageni wana lita moja moja badala ya tatu. Mmoja akagomea Stella Point, pale ukingoni juu, mdomo umepasuka, kilele cha Uhuru kimebaki mwendo wa kama saa moja tu. Kwenye ripoti nikaandika "mgeni alichoka". Ofisi ikanipa pole.

Kundi kama lile linataka madumu matatu kwa uchache. Na dumu la lita 20 lina kilo 20, yaani ni mgumu mzima huyo. Siku ya nne vikapu vya chakula vimeshapungua, kwa hiyo wenye vikapu ndio wabebe maji. Hilo lipangeni Moshi mnapogawa mizigo, si pale mtoni watu wakiwa wamenuna.

4. Usiku wa samiti chupa zikae kichwa chini, barafu huanzia juu. Ule mpira wa kunyonyea maji kutoka begini utaganda. Mwambieni mgeni mapema, kabla hajaanza kuwasifia alivyoununua ghali.

5. Oksimita, kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, inasoma vizuri lakini mgeni anayumba kama katoka kilabuni? Amini miguu yake. Shusha.

6. Betri mlale nazo, baridi isizimalize.

7. Tipu zihesabiwe mbele ya kruu wote. Msiniulize nimejuaje.

Kuhusu yule dogo: alirudi mtoni akajaza mawili. Nikamwambia bado la tatu. Akasema wagumu wake wamechoka. Nikamwambia hujanielewa, hilo ni lako wewe. Akalibeba kweli, na mpaka nampoteza kwenye ukungu kile kilima cha kwenda kambini alikuwa hajakifikia nusu, kaliweka chini mara mbili, anageuka huku na huku kuangalia kama kuna wa kumwonea huruma.