Ng'ombe aliyenona na aliyekonda wanaanguka pamoja: jibu kwa mfugaji wa Maramba kuhusu virusi na kinga ya mwili

Mkuu, umeuliza hivi: ng'ombe wako walikuwa wamenona, pumba na mashudu hawakosi, vitamini unawachoma, lakini ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia ulienea zizi zima ndani ya siku chache. Jirani yako ambaye wake wamekonda amepata hasara ileile. Unataka kujua kinga ya miili yao ilikuwa wapi, na kama kuna dawa ya kuipa nguvu. Mimi nafuga chotara hapa Pongwe, na kabla ya hapo nilikuwa fundi wa maabara ya mifugo kwa miaka mingi, kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Kinga ilikuwepo, na ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba kirusi kiliizima kabla haijaanza kazi, na lishe haina namna ya kuzuia hilo.

Wengi tukisema kinga tunawaza kingamwili, zile zinazokuja baada ya chanjo au baada ya kuugua. Hizo huchukua siku kadhaa kutengenezwa. Kabla yake kuna kinga ya kuzaliwa nayo, ambayo huamka ndani ya saa chache. Seli ikigundua RNA ngeni ndani yake (RNA ni maandishi ya kemikali yanayobeba maelekezo ya jeni), inawasha jeni za interferoni. Interferoni ikitoka nje ya seli ni mbiu ya mgambo: seli za jirani zikiisikia zinajiandaa, zinapunguza utengenezaji wa protini na kuweka tayari vimeng'enya vya kuharibu RNA ya mvamizi. Walioigundua ni Alick Isaacs na Jean Lindenmann, London, mwaka 1957. Virusi vya mifugo tunavyovijua leo ni vile vilivyopata njia ya kuzuia mbiu hiyo isilie, au ikilia isisikike.

Chukua hiki cha miguu na midomo. Ni kidogo mno, urithi wake wote ni herufi kama 8,400 tu za RNA. Kikiingia kwenye seli, RNA hiyo inasomwa papo hapo, na protini ya kwanza kutoka inaitwa L. Hiyo L inajikata kutoka kwenye mnyororo wa protini za kirusi, kisha inakwenda kukata protini ya seli iitwayo eIF4G, ambayo ribosomu, yaani mitambo ya seli ya kutengeneza protini, zinaihitaji ili kusoma ujumbe wa jeni za seli. Kirusi chenyewe hakidhuriki, kwa kuwa RNA yake ina mahali pake pa kupokea ribosomu, na kipande cha eIF4G kilichobaki kinakitosha. Fikiria maana yake: seli inaweza kuwa imeshawasha jeni ya interferoni, ujumbe umeshaandikwa, lakini hauwezi kusomwa ukawa protini. Na bado kirusi hakijaridhika. Kuna protini nyingine, 3C, inayokata NEMO, kiungo kimojawapo cha njia inayopeleka taarifa ya uvamizi kwenye kiini cha seli.

Tunajua L ndiyo yenye kosa kwa sababu ilijaribiwa. Katika miaka ya 1990, watafiti wa maabara ya kisiwa cha Plum Island, Marekani, walitengeneza kirusi kisicho na jeni ya L. Kwenye ng'ombe hakikuleta malengelenge. Ondoa protini moja tu, ng'ombe yuleyule anajilinda.

Ndiyo maana tunachokiona kwa macho kinakuja kimechelewa. Ng'ombe anaweza kuwa anatoa virusi kabla hujaona dalili yoyote. Halafu asubuhi unakuta maziwa yamepungua ghafla, anapigapiga midomo, mate mazito yananing'inia hadi kwenye chombo cha maji. Ukimshika ulimi, ngozi ya juu inavuka na kubaki kiganjani, chini yake pekundu tupu. Anachechemea, ukitazama katikati ya kwato unaona lengelenge limepasuka. Wakati huo jirani yake zizini ameshapata.

Virusi vingine vina mbinu zao. Cha homa ya bonde la ufa kina protini iitwayo NSs inayoingia hadi kwenye kiini cha seli na kusimamisha uandikaji wa jeni, za interferoni zikiwemo. Kuna aina yake ya asili, Clone 13, iliyopoteza sehemu kubwa ya NSs. Imekuwa dhaifu kiasi cha kutumika kama chanjo. Hapa naomba niseme kwa msisitizo, kwa sababu ugonjwa huu unaua na watu, na mlipuko wa 2006 hadi 2007 uliondoka na Watanzania wenzetu: mvua kubwa ikinyesha na ng'ombe au mbuzi wakianza kutupa mimba mfululizo, usishike kwa mikono mitupu, usichinje, muite afisa mifugo.

Kile cha mapele ngozi ni kikubwa, kina nafasi ya jeni nyingi, na kinatengeneza vipokezi bandia vinavyodaka interferoni njiani.

Ila kinachonisumbua zaidi mimi ni kile cha kuhara, wataalamu wanakiita BVD, kwa kuwa hakipigi kelele. Protini yake Npro inafanya IRF3, ambayo ndiyo huwasha jeni za interferoni, iharibiwe na mfumo wa seli yenyewe. Jike mwenye mimba akiambukizwa kabla ya mwezi wa nne au karibu na hapo, ndama anaweza kuzaliwa na kirusi ambacho mwili wake umekikubali kuwa sehemu yake. Hatengenezi kingamwili dhidi yake. Anamwaga virusi maisha yake yote, na pengine kwa nje ni mtamba mzuri tu anayeuzwa mnadani kwa bei nzuri.

Sasa tuje kwenye dawa ya kuongeza kinga. Mkuu, chupa zile za madukani zinazoandikwa kwamba zinapandisha kinga dhidi ya virusi, hifadhi pesa yako. Huwezi kuikuza sauti ya mbiu iliyozibwa. Watafiti wamewahi kuwapa ng'ombe interferoni kabla ya kuwaambukiza, ugonjwa ukachelewa au ukapungua. Lakini ilikuwa kabla, na hiyo si bidhaa ya dukani kwetu. Oksitetrasaikilini, ile antibiotiki, nayo haigusi kirusi. Inasaidia pale bakteria wanapoingia kwenye vidonda vya kwato au kiwele, kwa ushauri wa daktari. Lishe nzuri endelea nayo, itamrudisha mapema kwenye maziwa, na magonjwa mengine inayapunguza kweli.

Chanjo inafaa kwa sababu kingamwili hukishika kirusi kikiwa bado nje ya seli, L haijapata nafasi. Sotoka, ile tauni ya ng'ombe, nayo ilikuwa hodari wa kuzuia interferoni, na miaka ya 1890 ilifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki karibu wote. Chanjo aliyoitengeneza Walter Plowright pale Muguga, Kenya, ndiyo iliyoibana, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba imetokomezwa.

Kwa miguu na midomo kazi ni ngumu zaidi, kwani aina zake ni 7 na kinga ya aina moja hailindi dhidi ya nyingine. Tanzania tumeona O, A, SAT 1 na SAT 2. Chanjo haidumu, inabidi kurudia kila miezi 6 hivi, na ikitoka kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 inaharibika. Kwa hiyo muulize anayekuchanjia ina aina zipi, na itazame chupa imetoka kwenye barafu au mfukoni. Ng'ombe mgeni mtenge wiki mbili au tatu kabla ya kumchanganya, mwenye ndoo yake na mtu wake wa kumhudumia ikiwezekana.

Kama bado kuna mwenye lengelenge ambalo halijapasuka, mwambie afisa mifugo achukue sampuli leo, majimaji na kipande cha ngozi yake, ipelekwe maabara. Jibu la aina likitoka liweke hapa, tuone kama chanjo uliyopewa mara ya mwisho ilikuwa nayo.