Jibu: Nimehamia Nairobi kutoka Mombasa, niendeshe wapi baiskeli ya milimani?

Karibu Nairobi, ndugu. Kwa mtu aliyetoka Mombasa, anzia Msitu wa Karura. Ukishalipa kiingilio, unapata njia za udongo chini ya miti, na wikendi hukosi waendeshaji wenzako. Hao ndio wa kuuliza. Strava, ile programu ya simu ya kurekodi safari za baiskeli, itakuonyesha watu wanapopita, lakini haikwambii njia ikoje leo. Miguu ikizoea miinuko, panda Msitu wa Kereita, au nenda hifadhi ya Hell's Gate kule Naivasha upishane na pundamilia. Ila mvua ikinyesha, udongo mweusi uuogope kabisa: unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na baiskeli utaibeba begani. Kabla ya kwenda vilima vya Ngong, fundi akukagulie breki.