Ukienda kukaa na wafugaji wa Mongolia, nenda na mikono yako

Wanaotaka kwenda Mongolia huniuliza kwanza habari za nauli na baridi. Kuhusu baridi jibu langu ni fupi: nenda kati ya Juni na Agosti, na hata miezi hiyo beba sweta zito. Ninachotamani waniulize ni namna ya kukaa na wenyeji, maana familia ya wafugaji haina chumba cha wageni. Hema ni moja tu, la mviringo, limefunikwa kwa sufu iliyoshindiliwa. Ndani mna jiko, vitanda, watoto, bibi, babu, na sasa na wewe.

Ukifika, usikimbilie mlangoni. Mbwa wao ni wakali, wamezoea kulinda mifugo dhidi ya mbwa mwitu. Simama mbali, paza sauti "Nokhoi khor!", yaani washikeni mbwa, usubiri mtu atoke. Mlango huelekea kusini. Ingia bila kukanyaga kizingiti, shika upande wa kushoto, ukae huko. Usipite katikati ya zile nguzo mbili za katikati, wala usitupe takataka kwenye moto, kwa kuwa wanauheshimu mno. Ukipewa bakuli, lipokee kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko cha ule wa kulia. Aliyelelewa kwetu hatapata shida hapo.

Chai yao ina maziwa na chumvi. Kunywa, utaizoea.

Sasa nifike kwenye kazi, maana hapo ndipo wageni wengi hukosea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule usiingoje hiyo siku ya tatu. Karibu na mlango, wakati wa kiangazi, utakuta mfuko mkubwa wa ngozi ya ng'ombe umening'inia, na mwiko mrefu wa mti umechomoza mdomoni mwake. Humo wanachachusha maziwa ya farasi, airag, na lazima yakorogwe mara nyingi mno kila siku. Anayeingia hushika mwiko, akakoroga kidogo, ndipo akae. Fanya hivyo bila kuambiwa, utaona nyuso zinavyobadilika.

Na uombe kutazama farasi wakikamuliwa. Mtoto wa farasi huachiwa anyonye kidogo ili maziwa yashuke, kisha huvutwa pembeni, lakini hubaki amegusana na mama yake. Mama wa nyumba hupiga goti moja, ndoo ikae juu ya paja la mguu wa pili, akakamua upesi upesi. Baada ya saa mbili hivi kazi inaanza upya. Wewe unaweza kushika kamba ya mtoto wa farasi, kuteka maji, au kuokota mavi makavu ya ng'ombe, ambayo ndiyo kuni zao kwenye nyika isiyo na miti.

Kwa Waislamu nina neno la ziada. Airag ina kilevi kidogo. Tena Wamongolia wengi huchinja kondoo kwa kumpasua kifuani na kukata mshipa mkubwa kwa mkono, damu isimwagike ardhini, kwa hiyo nyama hiyo si halali kwako. Mweleze mwenyeji mapema, kwa heshima, kupitia mkalimani. Mtindi, siagi, na jibini iliyokaushwa juani vitakutosha. Au nenda magharibi, mkoa wa Bayan-Ölgii, ambako wakazi wengi ni Wakazakh Waislamu.

Mwisho ni malipo. Ukarimu wa watu wale usikufanye ule bure. Kuna majira ya baridi kali wanayoyaita dzud, theluji na barafu vinapofunika majani, mifugo ikafa njaa. Dzud ya 2009 na 2010 iliua mamilioni ya wanyama, na wafugaji waliopoteza mifugo yao wakahamia pembezoni mwa mji mkuu, Ulaanbaatar. Kondoo unayechinjiwa ni akiba ya nyumba. Patana bei kabla hujalala, ulipe wenyeji wenyewe, na zawadi ziwe za kutumika: unga, mchele, chai, betri za tochi, madaftari ya watoto. Kabidhi kwa mikono miwili.