Kabla hujalinganisha kimulimuli na nyigu

Wadogo zangu mnaoanza zuolojia hapa Dar, kazi ya kulinganisha spishi mbili itawafikia mapema. Wengi hukimbilia jedwali: miguu sita huku, sita kule, mabawa, lava, pupa. Msahihishaji hapati kitu hapo, kwani wadudu wote wana miguu sita, na hawa wawili wote hukua kwa hatua nne. Chagueni swali moja linalowagusa wote, mling'ang'anie.

Mfano: Photinus pyralis, kimulimuli wa Amerika ya Kaskazini, na Polistes dominula, nyigu mwenye asili ya Ulaya na Afrika Kaskazini aliyeingia Marekani. Swali: kila mmoja hujitambulishaje kwa wenzake?

Dume la kimulimuli huruka jioni, akiwaka kila baada ya sekunde kama 6 huku akichora herufi J hewani. Jike aliyetulia majanini hujibu mara moja, baada ya sekunde kama 2. Na matapeli wapo: majike wa Photuris, jenasi nyingine ya vimulimuli, huigiza jibu hilo, dume akishuka analiwa, na sumu yake inakuwa kinga ya aliyemla.

Kwa nyigu mambo yako usoni. Majike kadhaa huweza kuanzisha kiota kimoja, na lazima ijulikane nani mkubwa. Mwaka 2004 watafiti Elizabeth Tibbetts na James Dale, wakichunguza Polistes dominula, wale wa Marekani, walionyesha kwamba mabaka meusi ya usoni yakiwa yamekatikakatika zaidi huashiria ubabe. Nyigu wa chini waliobadilishwa sura kwa rangi walishambuliwa zaidi na wakubwa wao.

Msikimbilie kuandika "nyigu husomana nyuso", mkaishia hapo. Tafiti za baadaye huko Ulaya, kwao hasa, hazikuipata ishara hiyo waziwazi. Tajeni nyigu waliochunguzwa walikuwa wa wapi. Mimi sentensi hiyo naipa alama kuliko jedwali zima.

Kwa vitendo, tumieni walio jirani. Nyigu mwenye kiuno kirefu chembamba, anayening'iniza kiota kisichofunikwa chini ya paa, mara nyingi ni Belonogaster, familia moja na Polistes. Mtazameni kwa mbali, alfajiri kabla jua halijamchangamsha, na msijipulizie manukato. Vimulimuli tafuteni penye majani na unyevu, mbali na taa za barabarani. Kariakoo mtarudi mikono mitupu. Pimeni sekunde kati ya mwako na mwako, na msisahau kuandika halijoto, maana joto likipanda miwako hukaribiana.