Jibu: Asili ya neno reckless

Salaam, ndugu. Umeuliza kama neno la Kiingereza reckless lina undugu na wreck, yaani chombo kilichoharibika kwa ajali, kwa kuwa umelikuta limeandikwa kwa w mwanzoni. Halina, tahajia hiyo ni kosa, japo si la kushangaza, maana mwendo wa kutojali hatari, ndiyo maana ya reckless, huishia ajalini mara nyingi.

Likate neno kwanza. Tamati -less huonyesha kukosekana kwa kitu, na reck ni kitenzi cha kale chenye maana ya kujali, ambacho leo ni nadra kukisikia kikisimama peke yake, ingawa Shakespeare alikitumia katika tamthilia yake ya Hamlet, pale Ophelia anapomwonya kaka yake asiwe kama wahubiri wasiofuata mawaidha yao wenyewe. Kiholanzi nacho kina neno la undugu huo, roekeloos, lenye maana hiyohiyo.

Ninapotafsiri, hutazama kwanza kama mhusika aliijua hatari. Aliyeegesha gari mlimani akasahau kuvuta breki ya mkono ni mzembe tu. Lakini aliyejua fika kwamba breki ni mbovu, akaendesha vivyo hivyo, huyo ndiye reckless, nami humwandikia "bila kujali hatari".