Mashine ya gemu ya zamani: maswali yenu, na majibu ya mtu aliyeunguza yake

Kwa wasiojua: nilinunua mashine ya gemu ya kusimama, yale makabati makubwa ya sarafu ya miaka ya themanini, kutoka hoteli moja Malindi iliokuwa inavunjwa, nikaivusha mpaka Lamu na nikakaa nayo miezi minane ukumbini naitengeneza, mpaka mama watoto akaanza kuianikia nguo. Sikuwa fundi na bado si fundi, mi nauza kamba na rangi za mashua. Ila toka watu waione inacheza simu yangu haipumui kwa maswali, sa nimeona niyajibu hapa kwa pamoja.

Nimeletewa mashine leo asubuhi, naweza kuichomeka nione kama yawaka? (kijana wa Langoni)

Usichomeke. Najua mkono unakuwasha, wangu uliwasha vilevile, nikaichomeka usiku uleule wa kwanza watoto wote wamesimama nyuma yangu, nikasikia "tu!" alafu moshi mweupe na harufu kama ya samaki alioungua, nyumba nzima ikahamia barazani. Kumbe nyuma ya kabati kuna kibandiko kimeandikwa volti 110 na mi sikukisoma. Kule hotelini ilikuwa na sanduku la transfoma kando, likabaki kulekule.

Stima yetu ni volti 240. Marekani wanatumia 120, Japani 100, na mashine nyingi za zamani ni za kutoka huko. Zilizotoka Italia zina nafuu manake hizo ni za volti 220, karibu na yetu, na Malindi na Waitaliano wake hizo si ajabu kuzipata, ila soma kibandiko hata kama muuzaji amekuapia. Ikiwa ni 100, 110 au 120, tafuta transfoma ya kushusha volti, na usichukue ile ndogo ya kuchajia simu, chukua hata ya wati 500 ikae kwa raha.

Alafu fungua mlango wa nyuma, piga vumbi kwa brashi laini, angalia waya moja moja kama panya hawajatafuna, angalia fyuzi. Kwenye yangu mtu alikuwa ameifunga fyuzi na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na hio ndio sababu moshi ulitoka badala ya fyuzi kukatika. Ukimaliza chomoa plagi ya bodi ya gemu (ile sahani yenye chipu) na plagi ya monita, yaani skrini, washa pawa saplai (kile kisanduku kinachoigawia bodi stima) peke yake, pima na multimita, kile kipimio cha umeme: unatafuta volti 5 na volti 12, na kwenye mashine nyingi kuna volti 5 hasi pia. Zikitulia zima, rudisha bodi, washa. Monita iwe ya mwisho. Utaona ni uvivu lakini mwenzio nilinunua pawa saplai mpya kwa kukosa dakika ishirini.

Fundi wa TV amenitisha, ati skrini inaua hata ikiwa imezimwa. Ni kweli ama anataka pesa? (Shela)

Yote mawili yawezekana, lakini la kwanza ni kweli. Monita hizi ni zile za tyubu ya kioo yenye chogo, kama TV za zamani, na ikiwa inafanya kazi ule waya mnene unaoingia kwenye kile kikombe cha mpira juu ya tyubu unabeba volti kama elfu ishirini hivi. Ukizima hazipotei zote, tyubu inazihifadhi, na yaweza kukaa nazo siku kadhaa. Mafundi wanazitoa kwa bisibisi refu yenye mpini wa plastiki, imefungwa waya uliokwenda kwenye fremu ya chuma ya tyubu yenyewe, plagi ikiwa imechomolewa ukutani, mkono mmoja uko mgongoni. Ncha inapita chini ya kikombe mpaka iguse chuma, saa nyingine unasikia ta!

Mi sikufanya. Nilimuita fundi wa TV nikakaa mbali na chai yangu, na nakushauri wewe ufanye hivohivo mara ya kwanza. Ila kuna kitu cha kumwambia manake mafundi wa TV wengi hawajui: monita nyingi za mashine hizi hazina kinga ya ndani dhidi ya stima ya ukutani, zinategemea transfoma ya kutenganisha iliyo chini ya kabati. Akiibeba kazini kwake akaichomeka moja kwa moja ataiunguza au atajiunguza. Mwambie abebe na ile transfoma. Na shingo ya tyubu, pale nyuma penye bodi ndogo, ni nyembamba kama chupa ya dawa, ikigongwa hewa inaingia na tyubu imekufa, hakuna dawa.

Picha ikiwa nyembamba, ama imepinda pembeni, ama inatikisika kama inaogopa, mara nyingi ni kapasita, vile vidude kama vikopo vidogo kwenye bodi ya monita, zimekauka. Kapasita mpya zote ni pesa ya mlo wa watu wawili, kazi ni kuzitoa na kuzirudisha upande uleule, chanya kwa chanya. Piga picha kabla ya kutoa hata moja.

Chini kabati imevimba na upande mmoja umeliwa na mchwa. Nitupe nitengeneze jipya? (Malindi)

Subiri kwanza. Makabati mengi ni chipbodi au plaiwudi, na chipbodi ikinywa maji inafura kama mkate kwenye chai, hairudi. Lakini mara nyingi imefura vidole vinne vya chini tu, pale hotelini walipokuwa wanapiga deki kila asubuhi miaka kumi. Hapo unakata sehemu mbovu, unaunga kipande kipya kwa gundi na vibao vya ndani, unajaza, unapiga msasa.

Kabla ya kukata chukua boksi la katoni, lifungue, uliegemeze ubavuni uchore umbo zima na kila tundu. Hili usiliruke. Ukishaondoa mbao iliyoliwa na mchwa hutakumbuka mviringo ulikuwa wapi. Jambo jingine ni unene: mbao za Marekani nyingi ni milimita 19, plaiwudi yetu ya dukani ni 18, na ule mpira wa pembeni wenye umbo la herufi T utabaki umechungulia milimita moja. Mi niliuchonga kwa wembe jioni tatu. Kama huna subira, bandika ubao mwembamba juu ya wa zamani kwanza.

Michoro ya ubavuni usiipige msasa hata ikiwa imechubuka! Nyingi zilipakwa kwa rangi kupitia kiolezo, na ile ndio sura ya mashine. Mimi seremala wangu, mtu wa milango, alikaa akaitazama weee, akaniambia "shekhe, hapa niachie nikutilie nakshi, maua mawili tu na mkufu." Mpaka leo akipita huniuliza. Na mzee mmoja wa Matondoni alinishauri niipake sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka, kama mashua, mchwa hatagusa. Mchwa hatagusa, na mgeni pia hataingia kwako. Tumia dawa ya mchwa ya duka, ndani na chini, na uiinue kabati juu ya miguu ya chuma.

Batani hazishiki, napiga mara tatu ndio mtu wa kwenye gemu anaruka. (Mkomani)

Hii ndio rahisi kuliko zote. Chini ya kila batani kuna swichi ndogo. Ikiwa ni ile inayolia "klik", ni kidude cha bei ya soda, kinavuliwa na kuvalishwa bila solda, waya mbili tu. Ikiwa ni ya zamani zaidi, vibamba viwili vya shaba vinavyogusana, chukua kadi ya karatasi ngumu, itie matone ya spiriti, ipitishe katikati huku umevibana kidogo. Usitumie msasa, unakwangua mipako na mwezi ujao chumvi imekula.

Mashine yawaka lakini skrini imejaa herufi na vinyota, gemu haianzi. Bodi imekufa? (Mokowe)

Watu wengi wanazika bodi iliyo hai. Kwanza pima ile volti 5, lakini pimia kwenye bodi yenyewe si kwenye pawa saplai, manake waya za zamani zinakula njiani. Unataka 5.0 mpaka 5.1. Ikishuka chini ya 4.75 bodi inachanganyikiwa kabisa, na pawa saplai nyingi zina kitufe kidogo cha kuzungusha, kizungushe taratibu kama unaweka stesheni ya redio. Yangu ilikuwa 4.6, nikaipandisha, gemu ikaanza hapohapo, na mi nilikuwa nshaanza kuulizia bodi nyingine.

Kama volti ziko sawa, zima, chomoa plagi kubwa ya bodi, meno yake ya shaba yasugue kwa kifutio cha penseli alafu spiriti. Huku kwetu hewa yenyewe ni chumvi, hasa kusi ikivuma, na meno hayo yanafanya ukungu wa kijani ambao mtu wa bara hata haujui. Kwenye mashine za kuanzia 1985 plagi hii kawaida ni ya mtindo mmoja wa Kijapani, unaitwa JAMMA, meno 56, ndio maana unaweza kutoa gemu hii ukatia ile kwenye kabati moja. Rudisha kwa upande uleule, ukiigeuza bodi imeungua na hapo kweli imekufa.

Halafu kuna chipu zenye kidirisha cha kioo zilizobandikwa karatasi. Karatasi usiibandue usome, zile hufutwa kwa mwanga mkali wa jua, na jua la huku unalijua. Zibonyeze tu moja moja zikae vizuri kwenye soketi. Ukiona betri imetoa unga wa kijani au mweupe, itoe leo, pasafishe kwa siki kidogo, osha kwa spiriti, kausha. Ila ngoja: ikiwa bodi ni ya Capcom, kampuni ya gemu ya Kijapani, ya aina ya CPS-2, zile za 1993 na kuendelea, betri ndio inashikilia ufunguo wa gemu, ikiisha au ukiitoa ovyo bodi inakufa mpaka mtu mwenye utaalamu airudishie ufunguo. Hio mpe mtu.

Kwa nini usitie kompyuta ndogo na TV bapa, gemu elfu moja, yaishe? (wengi sana)

Tia. Ni yako. Lakini kabati nzima tafadhali usiitoboe, na tyubu usiitupe, iweke kwa mtu. Mi binafsi nikiona gemu ya zamani kama Galaga kwenye TV bapa naona kama pilau ya pakiti, na zile gemu za bunduki hazishiki kabisa, manake bunduki zinasoma mwanga wa tyubu.

Uliivushaje mpaka Lamu? (dada wa Watamu, anataka kumpelekea kakake)

Kwa lori mpaka Mokowe, alafu mashua. Uzito ni zaidi ya kilo mia, na nusu ya uzito iko mbele kwenye tyubu, kwa hivo inapenda kuanguka kifudifudi. Isimamishe, usiilaze, ifunge blanketi na nailoni, alafu ngojea maji yajae ili mashua iwe sawa na gati. Sisi tulifika maji yametoka, ikabidi ipandishwe ngazi na wanaume sita, na kila mmoja ana maoni yake. Kutoka gatini ni mkokoteni, vichochoro vyetu unavijua, pima upana wa kabati kabla. Punda walikataa.

Watoto wanatia shilingi ishirini, inameza haichezi. (mama, Malindi)

Pole bi mkubwa. Kile kidude cha sarafu kinapima upana na uzito, chako pengine ni cha robo dola. Usikibadilishe, kitu cha asili kile. Kwenye bodi nyingi kuna vijiswichi vidogo vyeupe kwenye mstari, kimoja kinaiweka icheze bure, tafuta jedwali la gemu yako. Kama hakipo, funga batani moja ndani ya mlango wa sarafu, ukiibonyeza inahesabu kama pesa.

Na shilingi zako zimo ndani, fungua sanduku la chini. Mi langu nilikuta lira mia tano ya Italia, ile yenye duara la njano katikati, imekwama kwenye mdomo toka enzi za hoteli. Niliitoa kwa koleo, nikaisugua kwa siki, mwanangu akaichukua akajaribu kununulia mabuyu.