Jibu: Nianze na mafunzo ya dharura au ya upasuaji?

Ndugu Daktari wa Mifugo wa Masasi, umeuliza uanze na mafunzo gani, baada ya mbwa aliyejaa gesi tumboni kufia mezani kabla hujashika kisu. Pole sana. Nakushauri uanze na dharura, na kisa chako chenyewe kinaonyesha sababu.

Mfuko wa tumbo uliovimba na kujisokota hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka nyuma ya mwili, ndiyo maana dripu huwekwa kwenye miguu ya mbele, wala si ya nyuma, na gesi hupunguzwa kwa mpira unaopitishwa mdomoni, au kwa sindano nene pale ubavuni panapolia kama ngoma ukipagonga, kabla ya kumpa nusukaputi. Upasuaji hufuata, na mfuko huo ushonewe kwenye ukuta wa kulia wa tumbo, kwani usiposhonewa hujisokota tena kwa urahisi.

Kuhusu moyo uliosimama, miongozo ya RECOVER (ya kimataifa, ya kufufua mbwa na paka) ya mwaka 2012, iliyohuishwa 2024, inataka kifua kigandamizwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mgandamizaji apokewe kila baada ya dakika 2, maana mikono huchoka upesi kuliko mwenyewe anavyohisi. Hili mnaweza kulizoeza hapo hapo kliniki, wewe na msaidizi wako.

Ukishaimarika, omba kujifunza upasuaji kwa vitendo chini ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Safari ni ndefu, lakini video peke yake haitakufundisha kufunga mshipa unaovuja.